Salamabila inatoa dhahabu, inanunua mchele: juu ya nini nchi zinafanya biashara kati yao?

Kwenye soko la Salamabila, teritwari ya Kabambare, kuna jambo moja lenye watu wamelizoea mpaka hawaliulizi tena. Dhahabu inatoka kwenye udongo wa hapa, inafungwa katika karatasi ndogo, inaingia mfukoni mwa mnunuzi na inaenda mbali sana. Lakini sehemu kubwa ya vitu vyenye watu wanakula na kuvaa inatoka mahali pengine. Mchele unatoka upande wa Kasongo. Chumvi, sabuni, vikwembe, misumari, mabati na betri za tochi vinatoka upande wa ziwa Tanganyika, kwa gari ama kwa pikipiki, na ukifuata njia yao mpaka mwanzo, vingi vilitengenezwa Tanzania, China ama India.

Wakati wa mvua, gari zinakwama na bei inapanda. Hapo mtu anajiuliza: kama udongo wa Maniema unaotesha kila kitu, juu ya nini tununue chakula? Na kwa upande wa nchi nzima: Kongo ina maji, misitu, mashamba na madini, juu ya nini inunue hata kijiti cha kuchokoa meno kutoka inje?

Swali hilo si la Salamabila peke yake. Wataalamu wa uchumi wanalijadili kwa zaidi ya miaka 200. Jibu lao lina ukweli mwingi, lakini lina pia masharti yenye watu wanasahau kuyataja. Ni muhimu kuyajua yote mawili, sababu maisha ya maelfu ya watu wa kusini mwa Maniema yanategemea biashara hiyo.

Dada wawili na mahesabu yao

Tuanze na mfano wa nyumbani. Ni mfano wa kufundishia tu.

Kuna dada wawili, mkubwa na mdogo. Kila mmoja ana watoto wake, na kila mmoja anahitaji bidoni moja ya mafuta ya ngazi na kiloba kimoja cha unga wa muhogo. Dada mkubwa ni mwepesi kwa kazi zote. Bidoni ya mafuta inamchukua siku 4, kiloba cha unga siku 5. Mdogo wake ni mpole kidogo: mafuta yanamchukua siku 8, unga siku 6.

Kama kila mtu anajifanyia vyake, dada mkubwa anatumika siku 9 (4 na 5), na mdogo anatumika siku 14 (8 na 6).

Watu wengi watasema hivi: dada mkubwa anamshinda mdogo kwa mafuta na kwa unga pia, kwa hiyo hana faida yoyote ya kubadilishana naye. Inaonekana kweli, lakini si kweli. Angalia. Dada mkubwa afanye mafuta peke yake, bidoni 2: ni siku 8. Mdogo afanye unga peke yake, viloba 2: ni siku 12. Kisha wabadilishane, bidoni moja kwa kiloba kimoja. Kila nyumba imepata mafuta na unga sawa na mbele. Lakini dada mkubwa ameokoa siku 1, na mdogo ameokoa siku 2. Hakuna mtu aliyekaza mwendo wa kazi, hakuna shamba lililoongezeka. Siku hizo 3 zimetoka wapi? Zimetoka kwa kugawana kazi.

Siri yake ni hii: gharama ya kweli ya kitu si jasho tu, ni kile chenye unaacha ili ukipate. Dada mkubwa akifanya unga, anaacha mafuta, na kwa mafuta ndiko nguvu yake inamshinda mdogo kupita. Mdogo naye, hata kama anashindwa kwa vyote viwili, kwa unga anashindwa kidogo tu. Basi kila mmoja abaki pale ambapo anaacha kidogo.

Mtu aliyeeleza jambo hili ni David Ricardo, Mwingereza aliyekuwa anafanya biashara ya hisa mjini London. Alitoa kitabu chake mwaka wa 1817. Mfano wake ulikuwa Uingereza na Ureno, vitambaa na mvinyo. Katika mahesabu yake, Ureno walihitaji watu 80 kwa mvinyo na 90 kwa vitambaa. Uingereza walihitaji 120 kwa mvinyo na 100 kwa vitambaa. Ureno walikuwa mbele kwa vyote, lakini bado nchi zote mbili zilipata faida pale Ureno walipofanya mvinyo na Uingereza vitambaa. Mbele yake, mwaka wa 1776, Adam Smith wa Scotland alikuwa ameshasema kwamba fundi mwenye akili hashoni viatu vyake mwenyewe, ananunua kwa mshona viatu. Ricardo aliongeza kwamba hata mtu asiyekuwa wa kwanza kwa kazi yoyote, bado ana nafasi yake sokoni.

Hapo kuna habari njema kwa nchi masikini: si lazima uwe bingwa wa dunia ili upate faida kwa biashara.

Kitu gani kinaamua nani afanye nini?

Sababu ya kwanza ni udongo na hali ya hewa. Dhahabu ya Namoya iko chini ya vilima vya hapa: Mwendamboko, Kakula, Muviringu na kilima chenyewe cha Namoya. Hakuna mtu aliyeamua iwe hapo. Ni vile vile kwa kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu kubwa kupita nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo.

Sababu ya pili ni watu na feza. Nchi yenye watu wengi na mishahara ya chini inashona nguo. Nchi yenye mashine na mabenki makubwa inatengeneza ndege na dawa.

Sababu ya tatu ni ufundi na wingi. Kiwanda kikitengeneza betri milioni, kila betri inakuwa bei nafuu kuliko kiwanda kinachotengeneza elfu moja. Ndiyo sababu betri ya China inasafiri baharini wiki nyingi, inapita bandarini, inapanda gari na pikipiki, na bado mtu wa Salamabila anaweza kuinunua.

Sababu hii ya tatu ina somo kubwa. Uswisi haina mgodi mkubwa wa dhahabu, lakini ni moja kati ya nchi za kwanza duniani kwa kuisafisha. Dubai pia haichimbi dhahabu, lakini imekuwa soko lake kubwa. Na Uganda, yenye inachimba kidogo, mwaka wa 2019 iliuza inje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 1, kupita hata kahawa yake. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika mara nyingi kwamba dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo wa mashariki mwa Kongo inapita mipaka kwa siri, na kwamba inaingia katika soko la nchi jirani kabla ya kufika Dubai.

Kwa hiyo, kazi ya dhahabu si moja. Kuna kuchimba, kuna kusafisha, kuna kupima na kuthibitisha, kuna kutengeneza mikufu na pete, kuna kukopesha feza za biashara. Udongo ndio uliochagua Salamabila kwa kazi ya kwanza. Lakini kazi zile zingine hazikuchaguliwa na udongo. Watu walijifunza, na Leta zao ziliweka sheria na barabara.

Maniema ilishaingia katika biashara ya dunia zamani

Biashara ya mbali si jambo jipya hapa. Kisha mwaka wa 1870, Kasongo na Nyangwe zilikuwa vituo vikubwa vya njia iliyofika mpaka Zanzibar. Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871, na akakuta soko kubwa kando ya mto Lualaba. Hamed bin Muhammed, yule watu wanamwita Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Pembe za ndovu zilienda pwani. Vitambaa, shanga na bunduki zilikuja. Kitambaa kilichopendwa kiliitwa merikani, sababu mwanzoni kilitoka Marekani. Pamoja na watu wa pwani ulikuja mpunga, ndiyo sababu mpaka leo Kasongo inajulikana kwa mchele. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo.

Kwa karatasi, mambo hayo yanafanana na mfano wa dada wawili: Maniema ilitoa kile ilichokuwa nacho kingi, ikapata kile ilichokosa. Lakini pembe zile zilibebwa na watumwa. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo na kuuzwa. Mwaka wa 1893 jeshi la mfalme Leopold II lilichukua Kasongo, na utawala ule mpya nao ulikuja na kulazimisha kwake. Toka mwaka wa 1917, sheria ya Wabelgiji ilipa wakubwa uwezo wa kulazimisha wakulima walime mazao fulani, kama pamba na mpunga, na mkulima hakuwa na nguvu ya kupanga bei.

Hapa ndipo sharti la kwanza la Ricardo linaonekana. Mahesabu yake yanasema watu wawili wanabadilishana kwa hiari. Kama mmoja ana bunduki na mwingine hana, faida haigawanywi, inachukuliwa. Nchi inaweza kuuza vitu vingi sana inje na watu wake wabaki mikono mitupu.

Siku tatu zinaliwa na nani?

Turudi kwa dada wawili. Faida yao yote ilikuwa siku 3. Sasa fikiria wanaishi mbali, na kati yao kuna njia mbaya yenye bariyeri. Kubeba bidoni na kiloba kunachukua siku moja. Bariyeri ya kwanza inakula sehemu inayolingana na siku moja ya kazi, bariyeri ya pili vile vile. Faida imekwisha. Kesho kila dada atarudia kufanya vyake mwenyewe, si sababu hajui hesabu, ni sababu anaijua sana.

Hiyo ndiyo hali ya mkulima wa mpunga wa Kasongo na mchimbaji wa Salamabila. Mmoja ana mchele, mwingine ana feza ya dhahabu. Wako jirani kuliko Ureno na Uingereza. Lakini kila shimo la barabara, kila takse bila karatasi na kila mtu mwenye silaha njiani anakula kipande cha siku zile 3. Ndiyo sababu pia mchele wa Asia unaweza kuuzwa katika miji mikubwa ya Kongo wakati mpunga wa vijijini unakosa mnunuzi. Meli kubwa inabeba kiloba bei ndogo kwa maelfu ya kilometre; barabara mbaya inabeba kiloba bei kali kwa kilometre mia moja.

Mlango wa mpaka peke yake hautoshi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Wakubwa wa nchi waliikubali tarehe 29 Machi, na mkataba ulisainiwa tarehe 8 Aprili. Kupunguza duane kati ya nchi ni jambo zuri, lakini kwa mtu wa Salamabila, duane ni sehemu moja tu ya gharama. Gharama ingine kubwa iko kati ya ziwa na soko lake.

Hatari ya kitu kimoja

Sharti la pili: mtu anayefanya kitu kimoja anakuwa mwepesi, lakini pia anakuwa mateka wa bei ya kitu hicho.

Wazee wa Maniema wanalijua hilo. Mwaka wa 1976 kampuni nyingi za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Kasiteriti, yaani madini ya bati, ndiyo ilikuwa msingi wa kazi yake. Miji kama Kalima iliishi kwayo: mishahara, hospitali, shule, barabara. Oktoba 1985, umoja wa kimataifa wenye ulikuwa unashikilia bei ya bati uliishiwa feza huko London, na bei ikaanguka. Hakuna mchimbaji wa Kalima aliyekosea kazi yake siku ile. Kosa lilikuwa mbali, lakini njaa iliingia karibu. SOMINKI ilidhoofika mpaka ikafungwa miaka ya 1990.

Nchi nzima nayo ilishapata somo hilo na shaba. Kati ya 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka zaidi ya nusu, na Zaire, yenye ilikuwa imekopa feza nyingi ikitegemea shaba, ilianza kushindwa kulipa.

Kwa Salamabila, kitu kimoja ni dhahabu. Mgodi wa Namoya wa kampuni Banro ya Kanada ulianza uzalishaji wa biashara Januari 2016. Kazi ilikuja, lakini pia ugomvi na wachimbaji wadogo juu ya vilima, na usalama ukaharibika. Wafanyakazi walitekwa mwaka wa 2017 na tena 2019. Mwaka huo wa 2019 kampuni ilisimamisha kazi. Hapo bei ya dhahabu duniani haikuwa imeanguka, ilikuwa inapanda. Kumbe mji wa kitu kimoja unaweza kuanguka kwa njia mbili: bei kufa, ao kazi kufungwa wakati bei ni nzuri.

Sasa bei iko juu sana. Oktoba 2025 ounsi moja ya dhahabu, yaani gramu 31 hivi, ilipita dola 4 000 kwa mara ya kwanza. Bei kama hiyo inavuta kila mtu kwenye shimo: mkulima, mwalimu, hata mtoto wa shule. Lakini kumbuka gharama ya kweli: dhahabu ya leo inalipwa na mpunga wenye haukupandwa na darasa lenye halikufunguliwa. Njia ikiwa wazi, feza inanunua mchele. Njia ikifungwa, dhahabu hailiwi.

Kufanya nini na jibu hili?

Jibu la Ricardo si kusema kila mtu aingie shimoni, wala si kusema kila mtu ajitegemee kwa kila kitu. Linatuonyesha mahali faida inazaliwa, na kwa hiyo mahali inapotelea. Kwa kusini mwa Maniema, mahali hapo ni patatu.

Kwanza ni njia. Barabara ya Kasongo ikitengenezwa na bariyeri zikipungua, mkulima na mchimbaji wote wawili wanatajirika bila kuongeza jasho. Hakuna mradi mwingine wenye unawafaa wote wawili siku moja.

Pili ni bei na mizani. Kubadilishana kwa haki kunahitaji kila upande ujue bei. Tanzania, toka Machi 2019, ilianza na Geita kufungua masoko ya madini, ambako mchimbaji mdogo anauza mbele ya watu, kwa mizani inayoonekana na bei inayojulikana. Kongo nayo ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia Primera Gold, kampuni iliyowekwa Bukavu na kuanza kuuza inje Januari 2023. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inadai wachimbaji wadogo wawe ndani ya kooperative. Kooperative yenye mizani yake na simu ya kuuliza bei inapunguza wizi mwingi wenye unafanyika kimya kimya.

Tatu ni sehemu yenye inabaki. Sheria hiyo ya 2018 inasema kampuni inayochimba dhahabu ilipe asilimia 3,5 ya mapato ya madini hayo. Katika feza hizo, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya sekta, sheferi ao komini yenye mgodi uko ndani, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Kila mkaaji ana haki ya kuuliza wakubwa wa sekta yake: zile 15 zilifika lini, ngapi, na zilifanya kazi gani? Dhahabu inaisha. Kama sehemu yake haigeuki kuwa barabara, shule na mashamba, siku ya kuisha mji utabaki na mashimo ya maji.

Nyumbani pia kuna hesabu ya kufanya. Familia nyingi za Salamabila zimeshaielewa bila kusoma kitabu chochote: baba yuko kwenye shimo, mama ana shamba la muhogo na karanga, kijana mmoja anaendesha pikipiki. Kwa mtaalamu wa karatasi, familia hiyo haijachagua kazi moja. Lakini pale ambapo njia inaweza kufungwa kesho, shamba la muhogo ndilo linalipa siku ambayo biashara imelala. Siku barabara itakapokuwa salama mwaka mzima, mama yule ataweza kuchagua kwa uhuru: alime karanga peke yake na anunue unga wa jirani, ama aendelee na vyote viwili.